Pampu ndogo za umeme za baiskeli: usianze na namba ya psi

Karibu kila boksi la pampu ya umeme ya mkononi limeandikwa psi 120 au psi 150 (psi ni kipimo cha presha) kwa herufi kubwa, na mnunuzi huishia hapo. Namba hiyo inaeleza tu pampu itagota wapi. Haisemi itafika hapo baada ya dakika ngapi, wala itajaza matairi mangapi kabla betri haijakata. Kwa mwendesha baiskeli, hayo mawili ndiyo yenye uzito, na yote mawili yanategemea kitu ambacho boksi halikitaji: ujazo wa tairi lako.

Hesabu yake ni rahisi. Tairi la 700x25, yaani lile jembamba la baiskeli ya mbio lenye upana wa milimita 25, lina nafasi ya takriban lita 1 ndani yake. Ukilijaza hadi bar 6, yaani karibu psi 87, pampu imelazimika kumeza na kubana takriban lita 6 za hewa ya kawaida. Tairi la inchi 26 kwa 1.95 lina nafasi ya karibu lita 3.8, na likijazwa bar 3 tu, yaani psi 43 hivi, linataka zaidi ya lita 11. Tairi nene la inchi 29 kwa 2.3 lina karibu lita 5.6, na hata kwa bar 1.7, ambayo ni kama psi 25, linameza lita 9 na nusu. Hata baiskeli ya kawaida ya mizigo yenye matairi ya inchi 28 kwa 1½, ikijazwa bar 4, inahitaji lita 10 na ushei kwa kila gurudumu. Kwa hiyo tairi nene lenye presha ndogo laweza kula hewa nyingi kuliko tairi jembamba lililojazwa likawa gumu kama ubao.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mwenye baiskeli ya milimani hujiambia, "Mimi natumia psi 25 tu, hata pampu ndogo kabisa itanitosha." Pampu hiyo itazunguka dakika nyingi, itapata moto, na huenda betri ikaisha akiwa na tairi moja lililosimama na jingine nusu. Mwenye baiskeli ya mbio yeye ana shida tofauti. Hewa anayohitaji ni kidogo, lakini kila pigo la pistoni la mwisho linasukuma dhidi ya presha kubwa, na mota dhaifu huishiwa nguvu ikifika psi 70 au 80 hata kama boksi limeahidi 100.

Makundi matatu sokoni

Kundi la kwanza ni pampu zinazoingia kiganjani, zenye uzito wa gramu 100 hadi 130 hivi. Cycplus AS2 ndiyo iliyolifanya kundi hili lijulikane: ina gramu 97, haina skrini, ina kitufe kimoja na tundu la USB-C. Ni chombo cha dharura, na kwa kazi hiyo ni kizuri sana. Inajaza matairi mawili hivi ya 700x25 kwa chaji moja, halafu inarudi mezani kuchajiwa. Kwa kuwa haina geji ya kupima presha, utakisia kwa kidole gumba, au ubebe geji ndogo pembeni. Kwa tairi la inchi 29, kundi hili halipendekezwi hapa. Linaweza kulisimamisha tairi moja ukaondoka nalo, lakini usitegemee la pili.

Kundi la pili lina gramu 150 hadi 250, skrini yenye namba, na uwezo wa kujizima lenyewe presha ikifika ulipoiweka. Fumpa, kampuni ya Australia, ni miongoni mwa waliotangulia kutengeneza pampu za aina hii kwa ajili ya baiskeli, na leo chapa nyingi zinafuata njia hiyo hiyo. Kwa mtu mmoja mwenye baiskeli moja, hili ndilo kundi la kununua. Nyongeza ya gramu 100 inakupa betri kubwa zaidi, geji, na mara nyingi kipaipu kifupi cha mpira cha kuunganishia, ambacho umuhimu wake utaelezwa hapa chini.

Kundi la tatu ni pampu za ukubwa wa simu nene au chupa ndogo, zenye uzito wa karibu nusu kilo, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari, pikipiki, mpira wa miguu na baiskeli kwa pamoja. Xiaomi 1S ni mfano unaojulikana: betri yake ni ya mAh 2000 (mAh ni kipimo cha chaji ya betri), inawaka yenyewe ukichomoa kipaipu, na inafika psi 150. Nyumba yenye baiskeli tatu au nne itafaidika nayo kuliko kuwa na pampu ndogo mbili. Jihadhari na jambo moja tu: hali yake iliyochorwa alama ya baiskeli inaishia psi 65. Mwenye tairi jembamba akibonyeza hapo akasubiri psi 85, atadhani pampu imeharibika. Aingie hali huru, ile isiyo na picha ya chombo chochote, aweke namba anayotaka.

Jinsi ya kulinganisha betri bila kudanganyika

Usilinganishe mAh peke yake. Pampu moja inaweza kuandika mAh 600 kwa volti 3.7 na nyingine mAh 300 kwa volti 7.4, na zote mbili zikawa na nishati ile ile. Zidisha mAh kwa volti, gawa kwa 1000, upate watisaa (Wh), yaani nishati iliyomo. Betri ya mAh 300 kwa volti 7.4 ina Wh 2.2, ya mAh 600 kwa volti hizo hizo ina Wh 4.4; ile ya mAh 2000 ina Wh 14.8. Namba ya watisaa ndiyo ya kulinganisha na ujazo wa tairi lako. Kama muuzaji haonyeshi volti popote, wala kwenye kibandiko cha nyuma ya pampu, iache.

Kuhusu chaji kuna kasoro inayojirudia kwenye pampu za bei ya chini. Tundu ni la USB-C, lakini pampu haichaji ukitumia waya wenye USB-C pande zote mbili. Mtengenezaji ameacha kuweka vizuia umeme viwili vidogo vinavyoiambia chaja, "Kuna kifaa hapa, leta umeme." Chaja ya kisasa isipopata ujumbe huo haitoi kitu. Dawa yake ni waya wenye kichwa cha zamani cha mstatili upande wa chaja. Kabla hujairudisha dukani kwa madai kwamba imekufa, jaribu waya huo kwanza.

Valvu: jua yako ni ipi

Valvu ya Presta ni ile nyembamba yenye kinati kidogo juu. Schrader ni nene, ya kama gari, yenye pini katikati. Dunlop ndiyo ya baiskeli nyingi za kawaida, yenye shina nene na kichwa chembamba. Zile za zamani zina kampira kembamba ndani kanakofanya kazi ya kuzuia upepo usirudi. Kichwa cha pampu cha Presta hushika Dunlop pia, kwa hiyo mwenye baiskeli ya kawaida hahitaji kutafuta kichwa cha pekee.

Tofauti ya valvu inabadilisha pia namba utakayoona kwenye skrini. Kichwa cha pampu kwenye Schrader kinabonyeza pini, njia inakuwa wazi, na geji inasoma presha ya tairi mara unapounganisha, hata kabla hujawasha mota. Kwenye Presta na Dunlop hakuna kinachobonyezwa. Valvu hufunguliwa na upepo wenyewe, pale tu presha ya kwenye kipaipu inapoizidi ya kwenye tairi. Ndiyo maana ukiunganisha pampu kwenye tairi lililojaa, skrini inaonyesha 0. Washa sekunde mbili au tatu, namba itapanda. Dunlop yenye kampira inapinga zaidi, hivyo pampu ikiwa inazunguka itaonyesha presha kubwa kuliko iliyoko ndani kweli. Ukiwa na valvu ya aina hiyo, usiamini namba ya mwisho bila kulibonyeza tairi kwa mkono.

Kujaza, hatua kwa hatua

Soma kwanza ubavu wa tairi. Mara nyingi imeandikwa presha ya juu kabisa, na kwenye mengine ya chini pia. Weka presha ya pampu iwe chini ya ile ya juu, usiifikie. Kama rimu zako ni zile zisizo na kingo za ndani za kushikia tairi, kiwango cha ETRTO, shirika la Ulaya la viwango vya matairi na rimu, kinaweka ukomo wa bar 5, yaani psi 72.5, na pampu ya umeme inaweza kuupita ukomo huo huku wewe ukitazama pembeni. Weka namba kwenye skrini kabla ya kuunganisha, na hakikisha unasoma psi kama ulidhamiria psi. Mtu anayedhani anaongeza hadi 35 psi huku skrini ikiwa kwenye kPa, kipimo kingine cha presha, atabaki na tairi bapa.

Zungusha gurudumu valvu ikae juu au ubavuni, si chini. Kwa tairi la tyublesi, yaani lisilo na tyubu ndani, lenye dawa ya kuziba hili ni la lazima, maana dawa hutuama chini, na ikipanda kwenye valvu hugeuka gundi ndani yake na hata ndani ya pampu.

Kwenye Presta, legeza kinati hadi mwisho, kisha kibonyeze mara moja kwa kidole ili valvu iliyoganda ifunguke na kutoa kisauti cha upepo. Hatua hii inarukwa sana, na matokeo yake pampu huguruma, skrini inaruka ghafla hadi psi 100, kisha inajizima ilhali tairi halijapata chochote. Ukiona namba inapanda kwa kasi hivyo, valvu imeshikana, usibadilishe pampu.

Sukuma kichwa hadi kizame kama sentimita moja kwenye valvu. Kama ni cha kufunga kwa uzi, kaza kwa vidole tu. Ukisikia upepo unavuja, zima, toa, rudisha upya. Usikikaze zaidi kwa nguvu. Pampu ikikaa moja kwa moja kwenye valvu bila kipaipu, ishike kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mwingine muda wote. Mtetemo wa mota unachezesha shina la valvu, na tyubu hupasuka pale shina linapoungana na mpira, sehemu isiyozibika kwa kiraka. Pini ya Presta nayo hupinda au kukatika kwa njia hiyo hiyo.

Ukishamaliza, toa kichwa. Mlio unaosikia kwenye Presta ni wa upepo uliobaki kwenye kipaipu, tairi halipotezi kitu kwa sababu valvu imeshajifunga. Kwenye Schrader, kwa kichwa cha uzi, ni kinyume: pini inabaki imebonyezwa kwa mizunguko ya kwanza, na tairi linatoa upepo kweli. Fungua haraka, au jaza psi 2 hadi 3 zaidi ya unayotaka.

Joto

Hewa ikibanwa inapata moto, na pampu ndogo inaibana ndani ya silinda ya ukubwa wa kifuniko cha kalamu, kwa maelfu ya mapigo kwa dakika. Sehemu kubwa ya nishati ya betri inaishia kuwa joto. Baada ya dakika moja na nusu kichwa cha shaba kinaweza kuunguza vidole. Kwa tyubu ya mpira wa kawaida yenye shina la chuma hilo ni usumbufu tu. Kwa tyubu za TPU, zile nyepesi za plastiki ambazo nyingi zina shina la plastiki pia, ni hatari ya kweli: shina hulainika, hunyongeka, au huachia kutoka kwenye tyubu. Mwenye tyubu za TPU asinunue pampu isiyo na kipaipu. Kipaipu cha sentimita 8 au 10 kinatosha kuupoza upepo na kuliweka joto la silinda mbali na shina. Kama pampu unayo tayari na haina kipaipu, jaza kwa vipande vya sekunde 30 na uiache ipoe katikati.

Kwa pampu yoyote, soma muda wa kuzunguka mfululizo ulioandikwa na mtengenezaji na uuheshimu. Kama haukuandikwa, dakika 3 za kazi kwa dakika 10 za kupumzika ni kipimo salama kwa pampu ndogo. Pampu ikijizima katikati ya kazi na betri bado ina chaji, mara nyingi ni kinga ya joto. Iache. Kuibonyeza tena na tena ndiko kunakoua mpira wa pistoni, na dalili ya mpira uliokufa ni hii: mota inazunguka kwa sauti nyepesi kuliko zamani, na presha inakwama psi 40 au 50.

Kuhusu sauti hakuna la kuficha. Zote zina kelele, na zile ndogo zaidi hulia kwa ukali zaidi. Usijaze saa kumi usiku kwenye ukuta unaopakana na jirani.

Pale zinaposhindwa

Hakuna hata moja ya kundi la kwanza wala la pili inayofaa kukalisha tairi jipya la tyublesi. Kazi hiyo inataka upepo mwingi kwa mkupuo mmoja ili kingo za tairi ziruke na kukaa kwenye rimu. Pampu ndogo inatoa kidogo kidogo, na kiasi hicho hicho kinatorokea pembeni. Unaweza kubahatisha ukitoa kiini cha valvu (sehemu ya ndani inayozuia upepo usirudi) na kupaka maji ya sabuni kwenye kingo, ila usinunue pampu kwa tumaini hilo. Kuongeza upepo kwenye tairi la tyublesi lililokwisha kukaa ni sawa kabisa.

Kiini cha valvu ni chanzo kingine cha lawama zisizostahili. Kwenye Presta zenye kiini kinachotoka, kichwa cha uzi kikikazwa sana huondoka nacho, na upepo wote unaisha kwa sekunde. Angalia kama kiini kina nyuso mbili bapa za kushikia. Kama zipo, kikaze kwa kispana chake kidogo kabla ya safari. Gharama yake ni dakika moja.

Mitungi midogo ya kaboni dioksidi bado ina wapenzi wake, na kwa mashindano ina haki yake. Mtungi wa gramu 16 unatoa takriban lita 8 na nusu za gesi, kwa hiyo unalisimamisha tairi la 700x25 papo hapo. Kwa tairi la inchi 29 haufikishi hata psi 25. Tena gesi hiyo hupenya mpira wa tyubu upesi kuliko hewa, tairi linakuwa laini kesho yake, na mtungi ukiisha umeisha. Kwa safari za kawaida, pampu ya umeme inaushinda.

Pampu ya mkono haijashindwa. Katika safari ya siku nyingi mbali na umeme, beba ile ya gramu 100 ya kusukuma kwa mkono hata kama una ya umeme. Betri iliyokaa mfukoni miezi miwili hupungua yenyewe, na kwenye baridi kali nguvu yake hupungua zaidi.

Jaribio la siku ya kwanza

Fanya hili siku unayonunua, wakati bado una haki ya kurudisha. Chaji hadi taa ibadilike. Toa upepo wote kwenye tairi lako la kawaida, lijaze hadi presha unayoitumia na upime kwa saa. Kwa pampu nzuri ya kundi la pili, tairi la 700x25 hadi psi 80 huchukua dakika moja na kidogo. Ukipita dakika tatu, kuna kasoro. Acha ipoe, toa upepo tena, jaza tena, hadi betri ikate, na uhesabu ni mara ngapi. Hiyo ndiyo namba yako ya kweli, iandike kwa kalamu ya wino mzito chini ya pampu. Mwisho linganisha skrini na geji nyingine unayoiamini. Tofauti ya psi 2 au 3 inavumilika ikiwa ni ile ile kila mara. Ikiwa leo ni 2 na kesho ni 9, irudishe.

Ukiihifadhi, usiihifadhi ikiwa imekwisha kabisa, maana betri ya lithiamu iliyoachwa tupu kwa miezi huenda isiamke tena. Iache nusu, na kila miezi miwili uiongezee. Kwenye begi la baiskeli iweke ndani ya kifuko chake au cha plastiki kilichofungwa, maana jasho, mvua na vumbi huingia kwa tundu la kunyonyea hewa na kuisaga silinda. Kwenye ndege, betri zote zilizotajwa hapa ziko mbali chini ya ukomo wa Wh 100, lakini pampu ibebwe kwenye mzigo wa mkononi, imezimwa, na kitufe chake kisiweze kubonyezwa na vitu vingine.

Na kampira ka ndani ya kichwa cha kusukuma, kale kanakobana shina la valvu, ndicho kitu cha kwanza kuchoka kwenye pampu yoyote. Kabla ya kulipa, uliza kama kanauzwa peke yake. Pampu ambayo kampira kake hakapatikani ni ya kutupwa siku kanapopasuka.